Sala Haifutwi, Hata Diski Ikijaa

Alhamisi, Julai. Upepo tangu alfajiri. Masweta mawili na kanga juu yake.

Shajara yangu, leo Sumbawanga kuna baridi ya kumfanya mtu akipende hata chumba cha seva. Wenzangu ofisini wanadhani naingia mle kuchapa kazi. Naingia kuota joto. Ukikaa kwenye kigoda katikati ya zile mashine tano, zinakupulizia mgongoni, na kikombe cha chai ya tangawizi kiko mkononi, unasahau kabisa kwamba nje kuna upepo usio na adabu.

Lakini tangu juzi chumba kile kimenitoa jasho ambalo halikutokana na joto.

Nianze na kuungama. Blogu hii niliianzisha niseme ukweli wangu, na mpaka sasa nimeandika zaidi kuhusu namna ya kupika maharage yasikuletee gesi tumboni. Leo maharage yakae pembeni. Ukweli ni kwamba nilikaribia kuipoteza kwaya nzima. Siyo wanakwaya wenyewe, wao wapo na wanakula vizuri. Nilikaribia kupoteza sauti zao.

Kwa msomaji mgeni: naitwa Tumpe, kwetu Mbeya, na huu ni mwaka wa saba niko huku Ufipa. Ni fundi pekee wa kompyuta katika redio yetu ndogo ya jamii. Jumapili naimba sauti ya pili kwenye kwaya. Mwenyekiti wa kwaya ni Mama Gaudensia, mfanyabiashara wa mahindi, ambaye pia ndiye mwenye nyumba ninayopanga.

Kwa hiyo nikiharibu kitu cha kwaya, naharibu kazi, ibada na mahali pa kulala kwa mkupuo mmoja.

Mwezi wa tano kwaya ilirekodi nyimbo kumi na mbili kwenye studio ya redio. Ilichukua siku nne. Aliyeanzisha kila wimbo kwa sauti yake peke yake alikuwa Bibi Leokadia, ambaye miaka sabini ameiacha nyuma kitambo na hataki kusema kwa umbali gani. Yeye anaishi Ilemba, huko chini bondeni kwenye joto, kwa sababu baridi ya huku juu inamsumbua kifua. Alipanda kwa ajili yetu tu. Siku ya mwisho, baada ya wimbo wa kumi na mbili, alivua shali yake, akaikunja, akasema basi. Kifua hakitaki tena. Hiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kuimba mbele ya mashine.

Mama Gaudensia akalia. Mimi nikalia karibu mno na mikrofoni, na kilio changu kimo kwenye rekodi mpaka leo.

Kisha Bibi akasema jambo jingine. Akasema maisha yake yote ameimba, misibani, harusini, kanisani, lakini hajawahi kujisikia. Sauti yake anaijua kwa ndani tu. Akaniomba kazi ikiwa tayari nimwite, akae, asikilize. Nikamwambia, "Nitakuita, Bibi." Kwa kinywa hiki hiki kinachokunywa tangawizi.

Nilimwita aje leo, saa tisa alasiri.

Sasa uelewe ukubwa wa mzigo. Kila mikrofoni ina faili lake, na mikrofoni zilikuwa kumi na sita. Hilo peke yake lingevumilika. Lakini kila wimbo unaanza na sala, na kwaya yetu haisali kwa kuchungulia saa. Wimbo wa tano tuliurudia mara tisa, na kila mara Mama Gaudensia aliagiza sala mpya, kwa hoja kwamba ile iliyopita ni wazi haikufika. Kati ya sala na sala kuna matangazo, kuna ugomvi wa sauti ya nne kuhusu nani ameshusha, kuna mtu anauliza kama chai imeletwa.

Nilitaka kusafisha. Nilimwendea mwenyekiti kwa heshima zote, nikamweleza kwamba tukibakiza nyimbo tu, mzigo utapungua mno.

"Unataka kufuta sala?"

"Si kufuta, mama. Kupunguza."

"Sala haifutwi, Tumpe."

Ikaisha hivyo. Kila kitu kikahifadhiwa, na chai ikiwemo.

Kazi ya kuhifadhi ndiyo yangu. Zile mashine tano zina diski kumi, zimeunganishwa zifanye kazi kama ghala moja. Sisi mafundi tunaiita klasta. Ukiweka faili, klasta inalikatakata, inavitupa vipande kwenye mafungu, halafu kila fungu linawekwa nakala kwenye diski zaidi ya moja, ili diski ikifa pasiwe na msiba. Ipo programu ndani yake inayoamua fungu lipi likae diski ipi. Mimi naiita mgawaji. Kazi yake ni kuhakikisha hakuna diski inayolemewa huku nyingine zinapunga upepo.

Na mgawaji wangu nilimwamini. Kila nikifungua kompyuta asubuhi, ubao unanionyesha diski kumi, kila moja mafungu thelathini na mbili. Thelathini na mbili, thelathini na mbili, mpaka chini. Nilikuwa nikiutazama ubao ule kama mtu anavyotazama uzio alioujenga mwenyewe. Hata diski mbili mpya kubwa zilizokuja kwa basi kutoka Mbeya, namba tisa na namba kumi, nazo nilizipa mafungu thelathini na mbili kama wenzao. Nilidhani huo ndio usawa.

Siku ya kuiandalia kwaya sehemu yake ndani ya klasta, klasta iliniuliza niigawe katika mafungu mangapi. Ilikuwa saa ya chakula. Kulikuwa na migebuka kwa mama lishe wa ng'ambo ya barabara, na migebuka haisubiri. Nikaandika nane, kwa sababu nane ndiyo iliyonijia kwanza, nikatoka mbio.

Mafungu manane kwa kwaya nzima, pamoja na sala zake.

Shajara, samaki wale walikuwa watamu sana. Naomba hilo nalo liandikwe.

Jumanne asubuhi nikaona diski namba saba imefika asilimia tisini na tatu. Diski ikifika tisini na tano, klasta nzima inagoma kupokea kitu chochote, kwa kuogopa. Nikambonyeza mgawaji asawazishe. Akafikiri kidogo akajibu: imesawazika kikamilifu. Nikambonyeza tena. Imesawazika kikamilifu. Wakati huo namba kumi ina asilimia ishirini na mbili.

Fundi mwenye busara angesimama hapo ajiulize. Mimi nilikasirika. Nikaingia kwa mkono, nikapunguza mgao wa namba saba kwa nusu. Nusu nzima, kwa pigo moja. Nikaenda zangu kwenye kikao cha wafanyakazi, nikatangaza mbele ya Meneja kwamba klasta nimeisawazisha. Nilipigiwa makofi.

Kuhamisha data si kama kuhamisha kiti. Klasta haibebi kitu kutoka hapa kwenda pale. Inaandika kwanza pale, inahakikisha, ndipo inafuta hapa. Kwa hiyo katikati ya safari kitu kinakuwa sehemu mbili, kinakula nafasi mara mbili. Na ukimpunguzia mmoja mgao kwa nusu, wengine wote nao wanapangwa upya. Niliamsha mafungu mengi ambayo yalikuwa yamelala salama hayana neno na mtu.

Jumatano saa nne asubuhi, namba tatu, diski mpole ambayo haijawahi kunisumbua, ikagonga tisini na tano. Klasta ikagoma.

Wa kwanza kunifikia alikuwa Fredi, mtangazaji wa kipindi cha wakulima, kijana wa mjini anayemwita kila mtu mshikaji akiwemo katekista. Alikuwa ametoka kurekodi wakulima wa Mwimbi kuhusu mbolea.

"Tumpe mshikaji wangu, mashine inagoma kuseviwa kitu. Si jana ulisema umesawazisha?"

Nikamwambia ni marekebisho madogo. Kipindi chake kilikuwa baada ya dakika ishirini. Basi akaingia hewani mikono mitupu, akawasimulia wasikilizaji yale wakulima waliyosema, akiigiza sauti ya kila mmoja, wazee kwa kina mama. Simu za wasikilizaji hazikukoma. Wanataka kila wiki afanye vile.

Wa pili alikuwa Meneja. Meneja wetu ni mtu mtaratibu, haongei kwa sauti, ndiyo maana anatisha.

"Tatizo nini?"

"Diski moja imejaa, bosi."

"Zipo ngapi?"

"Kumi."

"Hizo tisa?"

"Zina nafasi."

Akanitazama. "Si uhamishe."

"Kuhamisha ndiko kumeijaza."

Akarekebisha skafu yake, akaenda kunywa chai.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo hata nikiliandika sasa vidole vinasita. Nilitaka nafasi, tena upesi. Nikatazama nani ana mzigo mkubwa nikaona kwaya. Sauti za kwaya zilikuwa na nakala mbili mbili. Tatu ndiyo desturi, lakini tatu sikuwahi kuzipa, nilisema nitaongeza baadaye. Nikajiambia: nipunguze nakala ziwe moja. Kwa muda tu. Nikabonyeza. Nafasi ikafunguka papo hapo, klasta ikaanza kupokea, Fredi akapiga mluzi korido nzima. Nilirudi nyumbani kwa Mama Gaudensia nikala ugali wake kwa amani ya mtu aliyefanya kazi.

Na huku niliko, kitu kikishaitwa cha muda, kimeshapata makazi.

Leo asubuhi nimeingia kuota joto nikasikia mlio. Tki. Kimya. Tki tki. Mlio kama wa mtu anayevunja karanga. Nikainama kwa kila mashine, sikio kwa sikio, mpaka nikaupata. Namba saba.

Nikafungua ubao nione nini kimo ndani ya namba saba. Mafungu manne ya kwaya. Nusu ya kwaya nzima. Nikatafuta nakala zake nyingine.

Hakuna. Nilizifuta mimi jana, nikipigiwa mluzi.

Nilikaa chini. Sikulia, ila nilizungumza na diski ile kwa lugha tatu. Bibi Leokadia alikuwa tayari yuko ndani ya gari, anapanda milima kutoka Ilemba na kifua chake, kuja kusikia sauti ambayo ilikuwa kwenye kitu kinachovunja karanga. Na hataimba tena. Alisema mwenyewe, nilisikia, nililia kwenye mikrofoni.

Klasta bado ilikuwa inahamisha ile mizigo niliyoiamsha juzi. Inahamisha mafungu madogo madogo, ya matangazo ya zamani, ya salamu za mwaka juzi, moja baada ya jingine, na yale manne ya kwaya yako kwenye foleni mwisho kabisa. Na kila fungu dogo linalosomwa kutoka namba saba linaichosha zaidi. Tki tki. Nikautazama ubao wangu. Thelathini na mbili, thelathini na moja, thelathini na mbili. Kwa ubao ule hakukuwa na tatizo popote duniani.

Saa sita kasoro nikaona heri niungame kwa Mama Gaudensia kabla Bibi hajafika. Nikavaa koti, nikaenda ghalani kwake karibu na stendi, njia nzima nafanya mazoezi ya sentensi ya kwanza.

Sikupata nafasi ya kuisema. Nimemkuta amesimama mbele ya lori, mikono kiunoni, anabishana na dereva. Lori lilikuwa limeinamia kushoto. Hata mimi niliona, na mimi si mtu wa malori.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, ngoja kwanza." Akamgeukia dereva. "Magunia hamsini huku, hamsini huku. Nimehesabu mwenyewe. Sasa limelalaje?"

Dereva naye, mzee wa Kisukuma asiye na haraka, akajibu kwamba yeye hesabu haikatai. "Lakini mama, lori halijasoma hesabu. Linabeba uzito."

Mama Gaudensia akazunguka upande wa kushoto, akatazama juu. Kisha akaita wabebaji walete mzani, akasema yale magunia ya Mwimbi yashushwe matatu ya juu. Yalikuwa lumbesa, yamejazwa mpaka yakafumwa kofia ya kamba juu yake. Yakapimwa. Kila moja lilikuwa gunia na nusu lililojiita gunia.

Akacheka kwa hasira, akamtukana kiungwana mkulima aliyeyajaza, halafu akatoa amri. "Msipakue lori zima. Yale ya kawaida yaacheni yalivyo. Tafuteni yenye vichwa tu, moja moja, yapelekeni kule kwenye nafasi."

Wakahamisha sita. Magunia sita tu kati ya mia. Lori likanyooka.

Shajara, nilisimama pale mdomo wazi, upepo unaniingia mpaka kwenye meno. Miaka saba naishi katika mji huu, miaka saba nasikiliza watu wakilalamikia lumbesa sokoni, kwenye mikutano, hata kwenye kipindi cha Fredi, na mimi nimekaa na lumbesa nane ndani ya klasta yangu nikijisifu kwamba magunia yanalingana idadi.

"Asante mama!"

"Asante ya nini? We Tumpe! Umekuja kunisalimia au kukimbia?"

Nilikuwa nimeshakimbia.

Saa sita na nusu nilikuwa kwenye kigoda. Kwanza nikairudishia namba saba mgao wake wa zamani, ili klasta iache kuhangaika na mafungu madogo. Ikatulia. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, nikaiambia inipangie mafungu kwa uzito, si kwa idadi.

Yalikuja manane juu kabisa, yamejipanga kama wanakwaya. Kila moja zito kuliko mafungu ishirini ya kawaida. Na manne kati yake yalikuwa yamekalia diski moja inayokufa, huku namba tisa na kumi zimekaa kama sebule ya wageni, hazikaliwi.

Nikachukua fungu la kwanza, kwa jina lake, nikaiagiza klasta: hili peke yake, kutoka saba kwenda tisa. Usiguse kingine. Nikasubiri. Nusu saa na ushei. Likafika. La pili, kutoka saba kwenda kumi. Likafika. Milio ilikuwa imeongezeka, sasa si karanga tena, ni mtu anapasua kuni.

La tatu likakwama kwenye asilimia sabini na moja.

Nilijaribu mbinu zote ninazozijua, yaani mbili. Kisha nikasali. Na hapo nikagundua jambo: ukisali ukiwa na shida ya kweli, sala haiwi fupi. Unakumbuka na hili, unaomba na lile, unarudi mwanzo kuhakikisha. Nilimwelewa mwenyekiti wangu. Nilipomaliza kusali nikaona bado ni sabini na moja, nikasali upya, kwa kuwa ni wazi ile ya kwanza haikufika.

Halafu, sijui kwa nini, nikaanza kuimba. Wimbo wa tano, sauti ya pili, polepole, mkono juu ya mashine. Sabini na mbili. Sabini na tano. Meneja akafungua mlango, akaniona namwimbia seva nimefumba jicho moja, akaufunga mlango taratibu kama mtu aliyekosea nyumba.

Fungu la nne lilimaliza saa tisa kasoro dakika kumi. Nikaweka paji la uso kwenye meza. Nilifurahi, na hilo naliandika wazi.

Saa tisa kamili Bibi Leokadia aliingia, shali juu ya shali, kapu la mchele wa bondeni mkononi kwa ajili yangu, Mama Gaudensia nyuma yake akinitazama kwa jicho la mtu aliyekimbiwa ghalani. Nikasalimia, nikapokea kapu, nikamkalisha Bibi kwenye kigoda changu cha joto. Nikamvalisha hedifoni juu ya kitambaa cha kichwa. Wakati huo huo, nyuma yangu, namba saba ikapasua kuni mara mbili ikanyamaza. Taa yake ikawa nyekundu. Imekufa saa tisa na dakika nane. Vingine vilivyokuwa humo vina nakala kwingine, klasta inavijenga upya ninapoandika hapa. Nilisimama mbele ya ile taa ili isionekane.

Nikacheza wimbo wa kwanza, mahali anapoanza peke yake.

Bibi hakutikisika. Aliangalia ukutani. Mama Gaudensia aliacha kunitazama, akamtazama yeye. Baada ya muda Bibi akaniuliza, kwa sauti kubwa kama watu wanavyoongea wakiwa na hedifoni:

"Huyu nani?"

"Ni wewe, Bibi."

"Mimi?" Akasikiliza tena. Mkono wake ukaja ukashika wangu. "Huyu ni mama yangu. Mama alikuwa anaimba hivi hivi, akitwanga. Mimi nilikuwa nasema sauti yake sijairithi."

Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Nilikuwa nikifikiria ile asilimia sabini na moja, na yale makofi ya Jumanne, na jinsi ambavyo angekuja na kapu lake la mchele akakuta nimekaa na maelezo. Niliona aibu kali, na niliamua palepale kwamba wimbo ukiisha nitawaambia wote wawili kila kitu, bila kupunguza.

Wimbo ukaisha. Bibi akavua hedifoni, akajifuta kwa ncha ya shali, akakohoa kidogo.

"Ila anakimbia."

"Nani, Bibi?"

"Huyo mama. Beti ya pili anakimbia, kama anawahi gari. Mama yangu hakukimbia hata siku moja." Akamgeukia Mama Gaudensia. "Mwenyekiti, hii tusiwape watu. Futeni, turudie."

Nikashika ukuta. Nikasema kwa upole nilioweza kwamba mwezi wa tano alituambia ni mara ya mwisho, kifua hakitaki.

"Mwezi wa tano nilikuwa na mafua," akasema. "Na nilikuwa sijajisikia."

Mama Gaudensia alikuwa ameshatoa simu anawapigia sauti ya nne. Jumamosi saa tatu asubuhi, wote, nyimbo zote kumi na mbili kuanzia mwanzo. Kabla ya kutoka akasimama mlangoni, akanielekezea kidole.

"Na wewe, hizo nyimbo za zamani futa upate nafasi. Sala usiguse."

Sikuungama. Nilikuwa na sentensi mdomoni, ikakosa pa kushukia. Naiandika hapa kwa kuwa Mama Gaudensia hasomi blogu. Nadhani hasomi.

Na nyimbo sijafuta. Hilo nalo ni ungamo. Ule mwanzo wa Bibi, na kukimbia kwake kote, nimeuwekea nakala tatu kwenye mashine tatu tofauti. Sehemu ya kwaya nimeigawa upya, mafungu mia moja ishirini na nane badala ya manane, ili pasiwe tena na gunia lenye kofia. Ubao wangu nimeubadilisha. Sasa unanionyesha uzito kwanza, na haupendezi hata kidogo, namba zote zimepishana, lakini usingizi nitaupata.

Mchele wa Ilemba uko jikoni, unanukia hata ukiwa mbichi. Upepo bado unavuma. Kabla ya kutoka kazini nimekokotoa nafasi iliyobaki mpaka diski mpya ije. Jumamosi zitaenea nyimbo zote kumi na mbili, mikrofoni zote kumi na sita, na bado nafasi kidogo itabaki, mradi tu tusali kwa kifupi.

Hatutasali kwa kifupi.